Foleni ya Wembe Mmoja

Nilipochokonoa mpini wa wembe wa marehemu baba kwa ncha ya pini, zilitoka nywele za aina tatu: nyeupe fupi, nyeusi za kipilipili, na moja ndefu kidogo yenye wekundu wa hina. Zilikuwa zimegandiana kwenye sabuni ya zamani iliyoteleza kama mlenda, pamoja na kitu cha kahawia kilichokauka. Nilikidondoshea tone la maji. Kikageuka chekundu. Asubuhi hiyohiyo wembe huo ulikuwa umenikata chini ya kidevu, na haikuwa mara ya kwanza.

Ni wembe wa kukunja, wa chuma kirefu kinachojificha ndani ya mpini wa pembe ya ng'ombe. Sikuanza kuutumia kwa kupenda vitu vya kale. Nilikuwa nimechoshwa na shingo yangu. Ndevu zangu zikikatwa na mashine hujipinda zikarudi ndani ya ngozi, kisha zikafanya vipele vyenye usaha. Kinyozi wangu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, aliwahi kuniinua kidevu mbele ya wateja wake akasema, "Braza, hii shingo au gunzi lililodonolewa na kuku?" Watu wakacheka. Taulo aliyonifutia ilikuwa na ubaridi wa jasho la mtu aliyenitangulia, na katikati yake palikuwa na doa la mafuta lenye umbo la uso.

Ni yeye aliyenishauri nitumie ile dawa ya unga inayokorogwa kwa maji na kuyeyusha ndevu. Inanuka yai viza. Niliipaka nyumbani, nikasubiri, kisha nikaikwangua kwa kijiko. Ndevu zilitoka kama uji ulioganda, na ngozi kidogo ikafuata. Mke wangu alisimama mlangoni ameziba pua kwa kanga.

"Baba, leo utalala na kuku," alisema. "Na wao wakikukataa, usirudi huku."

Kisha baba yangu akafariki, kijijini kwetu Nyololo.

Katika ukoo wetu, siku ya kuanua matanga wanaume wa karibu na marehemu hunyolewa vipara. Anayenyoa ni mtani, na wetu ni mfugaji wa Madibira, ambaye watu wake walishuka Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini na yeye akazoeana na baba minadani. Hutumika wembe wa marehemu mwenyewe na beseni moja la maji. Nywele zote huchanganywa na kufukiwa nyuma ya nyumba. Anayejitoa kwenye foleni huhesabiwa kwamba amemkataa marehemu, na hilo halisahauliki hata akija kuzikwa yeye.

Foleni hupangwa kwa umri. Alianza baba mdogo, anayeishi Iringa mjini. Nikafuata mimi. Nyuma yangu alikaa mdogo wangu, ambaye mkewe alikuwa upande wa jikoni na akina mama, mimba yake ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuonekana.

Kichwa cha baba mdogo, anayetia nywele hina, kina mabonde, na wembe ulimchana mahali pawili. Mtani aliupangusa kwenye goti la suruali yake, akanigeukia.

"Inamisha, mrithi! Ubwabwa wa msiba huuogopi, unaogopa wembe?"

"Uoshe kwanza, mtani."

"Niuoshe nini? Hii ni damu ya baba yako mdogo, si ya mbwa. Au huko Mbeya siku hizi mnatumia damu ya dukani?"

Waombolezaji walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameshikilia kitambaa kichwani, akiangalia beseni. Nami niliangalia huko. Maji yalikuwa ya kijivu, nywele zikielea juu yake kama majani ya chai, na uzi mwembamba mwekundu ukijinyonganyonga katikati. Mtani alichovya wembe humo, akaniwekea utosini. Ulikuwa bado na joto la kichwa cha mwenzangu. Aliponimaliza, mdogo wangu alisogea mbele.

Jioni wazee walinikabidhi wembe huo kwa kuwa ndimi mtoto wa kwanza wa kiume. Nilirudi nao Mbeya nikiwa nimeufunga kwenye mfuko wa plastiki.

Ningeweza kuuacha kabatini. Lakini vipele viliniwasha, na daktari wa ngozi alikuwa ameniambia kwamba wembe mmoja wenye makali mazuri, ukifuata ndevu zinakolalia, unadhuru kidogo kuliko mashine. Nikauchemshia maji, nikaumwagia, nikaamini umekuwa safi. Niliunoa kwenye kinoo cha visu vya jikoni, ukatoka na meno kama msumeno. Nikaunoa upya kwenye jiwe laini la fundi seremala, kisha nikausugua kwenye mkanda wangu wa suruali. Nilijifunza kuvuta ngozi kwa mkono mmoja na kulaza chuma karibu kabisa na shavu. Nilijikata. Nilipaka shabu ya kukausha damu, ikaniwasha hadi machozi. Kila nilipomaliza, sinki lilikuwa na rojo la povu, vijinywele na magamba ya ngozi yangu, na nililisukuma kwenye tundu kwa kijiti ili nisiliguse.

Vipele vilianza kupungua. Ila harufu ilibaki, hata baada ya kuosha: ya kitambaa cha deki kilichosahaulika kwenye ndoo. Ndiyo iliyonifanya nichukue pini.

Nilipoona kile chekundu, nilikumbuka kichwa kilichochanwa kabla ya changu, nikampigia simu baba mdogo. Nilijifanya namjulia hali.

"Tumbo linasumbua," alisema. "Ni hii homa ya ini. Ile ya B. Hospitali wanasema nimekaa nayo siku nyingi."

"Shikamoo tena, baba," nilisema. "Siku ya matanga ulikuwa unajua?"

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

"Nilijua, mwanangu. Ningesemaje? Kaka yangu amelala kaburini, watani wamekaa pale, mimi nisimame niseme msiuchovye wembe ulionipitia? Wangesema nimemkataa."

Nilikwenda kupima. Kipimo kilitoka safi, lakini nesi alisema ni mapema mno kukiamini, akanichoma chanjo, akasema ugonjwa huo hupita kwa damu na kitandani, hata kwa mtoto anapozaliwa, na kuniambia nirudi baada ya miezi michache. Mke wangu naye amepima na kuchanjwa. Kila mmoja wetu ana taulo yake na dodoki lake la kuogea, na tunaongea kwa adabu kama wageni.

Kisha nikampigia mdogo wangu, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo nikapime," alisema, "halafu nimwambie nini mke wangu? Kwamba nimeokota ugonjwa msibani kwa baba?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Kaka, wewe wembe umekuingia kichwani." Akakata simu.

Tangu hapo hapokei. Mimba ya mkewe sasa ni kubwa, na shemeji yangu hajui lolote kuhusu lile beseni.