Hatua Moja Nje ya Duara

Kiwandani walimwita Bawabu, ingawa hakuwahi kushika ufunguo wa geti hata siku moja. Mlango wake ulikuwa kompyuta. Humo mlikuwa na ramani ya kiwanda cha maziwa, na kukizunguka, duara la buluu. Kila mfanyakazi alikuwa na programu ya kazi kwenye simu yake, nayo ilifunguka ndani ya duara tu. Bila hivyo, mtu angeweza kuzima vyumba vya baridi akiwa amejilaza kitandani kwake, maziwa yote yakachacha. Ukijaribu kuifungua nje, inagoma, nukta yako kwenye ramani inageuka nyekundu, na Bawabu anakupigia: "Uko wapi, na unataka nini?"

Wala hakuwa na mchezo. Meneja mwenyewe aliwahi kujaribu akiwa kwa kinyozi, akafungiwa kama mwizi. "Sheria ni msumeno, bosi," Bawabu akamwambia, "hukata mbele na nyuma." Meneja akanyolewa kimya kimya. Hata wachumba, tangu ujana wake, Bawabu aliwakagua hivyo hivyo, wakaishia wote getini. Alikuwa akiishi na shangazi yake aliyemlea, mgonjwa wa mguu, na shangazi hakuchoka kumsema.

Basi, akatokea Fundi Baridi. Huyu ndiye fundi wa vyumba vya baridi, mjane, mpole, mtu wa maneno machache mbele za watu. Kila asubuhi nukta yake iliwaka nyekundu mahali pale pale, nyuma ya ukuta, hatua moja nje ya duara.

"Uko wapi, Fundi?"

"Niko njiani, bibie. Foleni imenishika. Umeamkaje lakini?"

"Salama. Ukifika ndani itafunguka."

"Haya. Na shangazi, mguu wake?"

Mguu wa shangazi! Hakuna mwingine kazini aliyewahi kuuulizia. Ikabidi ajibiwe, mara mguu, mara mvua, mara bei ya viatu, na simu ya kazi ikawa ndefu kuliko kazi yenyewe.

Lakini kiwanda kilikuwa na kanuni, tena aliyeipendekeza ni Bawabu mwenyewe: anayejaribu nje ya duara kupita kiasi, mwisho wa mwezi jina lake linakwenda kwa meneja, ruhusa inafutwa. Na fundi bila programu ile hana kazi. Hata mlango wa chumba cha baridi haumfungukii. Mwezi huo, wa kwanza kuzidi alikuwa Fundi Baridi.

"Mbona unakula kama umelazimishwa?" shangazi akamuuliza jioni.

"Kesho napeleka majina, shangazi. Fundi atapoteza kazi. Labda simu yake ni mbovu. Au duara langu nimelikosea."

"Fundi yule wa mguu wangu?" Shangazi akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki. Hilo duara kaliangalie kwa macho yako."

"Mapenzi gani tena, shangazi! Nazungumzia kazi."

"Haya, kazi."

Asubuhi Bawabu akazunguka nyuma ya ukuta, simu mkononi. Ndani ya duara programu ilifunguka. Hatua moja nje, ikagoma. Lahaula! Duara lilikuwa zima, basi Fundi hakuwa na utetezi. Mara simu yake ikalia: Fundi Baridi, nje ya duara. Akachungulia kwenye kona. Fundi huyo hapo, ameegemea ukuta, shati limepigwa pasi, anaitazama simu yake na kutabasamu peke yake.

Bawabu akarudi nyuma ya kona, akampigia.

"Uko wapi, Fundi?"

"Niko njiani, bibie. Foleni imenishika."

"Foleni ya nani?" Bawabu akajitokeza. "Ya sisimizi?"

Fundi nusura aitupe simu.

"Mtu mzima wewe! Geti hilo hapo, kwa nini huingii?"

Fundi akaangalia viatu vyake. "Nikiingia, hunipigii."

Bawabu alitaka kufoka, akataka kucheka, akajikuta machozi yanamlengalenga. Lakini msumeno ni msumeno. Akampeleka kwa meneja hivyo hivyo, akamwambia, "Sema ulivyoniambia mimi." Fundi akasema, jasho likimtiririka. Meneja akacheka hadi akalala juu ya meza.

"Ruhusa yako nakuachia," akasema alipopata pumzi. "Ila ukifungua tena programu nje ya duara, hata mara moja, sina la kukusaidia."

Kesho yake nukta ya Fundi iliwaka kijani, mapema, katikati kabisa ya duara. Hakukuwa na nyekundu hata moja. Ndivyo Bawabu alivyotaka siku zote, na leo aliichukia asubuhi ile kwa moyo wake wote. Akaitazama simu. Hapakuwa na sababu ya kumpigia mtu.

Kengele ya mapumziko ya mchana ilipolia, akachukua mkoba wake, akatoka getini, akazunguka nyuma ya ukuta. Akasimama pale pale, hatua moja nje ya duara, akapiga.

"Uko wapi, Fundi?"

"Ndani, bibie! Ndani kabisa, haki ya Mungu! Angalia ramani!"

"Ramani naijua," Bawabu akasema. "Toka."