Bwana Naam

Kipupwe cha Chukwani kilinuka mwani. Maji yakitoka, upepo wa kusi uliipandisha harufu ile mpaka uani kwa shangazi yangu, Bi Mize, nasi watoto tulijitanda kanga mbilimbili kwa baridi tukatumwa kukata ukindu wa mikeka. Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu, fundi cherehani wa Mlandege, alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na shangazi ndiye aliyenichukua. Mama sikumjua. Nilikulia dukani, chini ya meza ya kukatia nguo, nikiwasikia wanaume wakiitwa na kuitika "Naam", na mimi, mtoto wa kike, nikaitika hivyo hivyo. Baba hakunirekebisha hata siku moja, nadhani ilimchekesha.

Chukwani wanawake waliitika "Abee". Siku ya kwanza shangazi aliponiita nikajibu "Naam!", binti yake Zuhura, aliyenizidi miaka miwili, alicheka mpaka akakaa chini. "Nyie, njooni mumsikie Bwana Naam!" Tangu hapo sikuwa na jina jingine, si kisimani, si chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani. Sisemi nilimkasirikia. Nilimchukia, nikalala na chuki hiyo na kuamka nayo.

Asubuhi moja tulikwenda wawili tu. Tulifuata ufuko, miguu ikiuma kwa maji ya baridi, kisha tukapanda kijia cha mawe kuingia msituni. Kila mtoto wa kule alikanywa kwamba akiitwa msituni na asiyemwona asiitike, huenda si mtu. Zuhura alizama ndani kutafuta ukindu mzuri, mimi nikabaki nyuma ya mzambarau. Punde nikasikia, "Bwana Naam! Uko wapi?" Nikajua amepotea. Nikanyamaza. Akaita tena, sauti ikielekea nisiko. "Raya! Raya wee, nnaogopa!" Kumbe jina langu alikuwa analijua. Niliing'ata kanga, si kwa huruma, kwa raha. Nilimwacha alie mpaka sauti ikamkauka, kisha nikarudi nyumbani peke yangu.

Watu walimpata adhuhuri, miguu imechanwa na mawe. Shangazi aliponiuliza kwa nini sikuitika, nilimjibu, "Si mlitukataza wenyewe, shangazi?" Nilichapwa sana, na sikulia.

Siku hizi msitu ule ni nyumba na kuta. Zuhura ni bibi mwenye wajukuu, na kila Idi huniomba radhi kwa mambo ya utoto. Humwambia yamekwisha, nikanywa chai yake. Hayajakwisha. Yeye miguu ilipona kabla ya mwezi kuandama. Mimi, kwa haya, nilijifunza "Abee" kabla kipupwe hakijaisha, na tangu hapo sijaitika tena kama tulivyoitika dukani. Sura ya baba imenitoka, sauti yake imenitoka, na neno lile moja aliloniachia nilinyang'anywa kwa kicheko. Ningerudishwa nyuma ya mzambarau ule leo, ningenyamaza tena.