Taya la Hamza

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Kerenge, shavu la mdogo wangu Hamza lilipoanza kuvimba. Yeye alikuwa na sita. Mwanzoni Mama alidhani ni jino, akawa anamsukutulisha maji ya chumvi. Baada ya wiki uvimbe ulikuwa umefika chini ya jicho, na meno mawili ya upande ule yakawa yanacheza ukiyagusa, ingawa Hamza mwenyewe alisema hayaumi.

Bibi ndiye aliyelitamka neno ambalo wengine walikuwa wanalizunguka. Jirani yetu, Mzee Mhando, alikuwa amening'iniza kibuyu chenye kitambaa chekundu kwenye mchungwa wake, na kijiji kizima kilijua maana yake. Shamba limezindikwa. Anayekula cha wizi mle anavimba mdomo mpaka mwenye shamba amfungulie.

"Nani kaingia kwa Mzee Mhando?" Bibi akatuuliza, tumekaa jikoni.

Niliyeingia ni mimi. Machungwa matatu, siku ya gulio, watu wote wameondoka. Niliyala peke yangu nyuma ya choo, hata Hamza sikumwonjesha. Tangu shavu lake lianze kuvimba nilikuwa najipapasa mashavu yangu kila asubuhi, nikiyakuta vilevile. Kwa akili zangu za wakati ule niliona kwamba dawa imekosea mtoto, na nikaogopa kwamba nikisema kweli itanirudia mimi.

"Nilimwona Hamza," nikasema.

Hamza akanitazama. Hakukasirika, alikuwa kama anajaribu kukumbuka. "Mimi sikula, dada." Mama akamchapa kofi upande usiovimba.

Mchana huohuo alipelekwa kwa Mzee Mhando, akapigishwa magoti. "Shikamoo babu. Nisamehe." Walipomuuliza kama alikula, akasema alikula. Mzee alisita, akawatazama watu waliojaa uani kwake, kisha akampa maji kwenye kata anywe. Tukarudi nyumbani kungoja uvimbe ushuke.

Tulingoja wiki tatu. Uvimbe ukazidi hata Hamza akashindwa kufunga mdomo, uji anaunywa kwa kijiko, nusu unamwagika kifuani. Watoto wenzake walimwita mwizi. Mimi nilimbeba mgongoni, nikamfulia nguo, nikampa kipande changu cha nyama wakati wa kula. Nilifanya yote, ila kusema.

Asubuhi moja Mzee Mhando alikuja kwetu, kofia mkononi.

"Mama Rehema," akamwita Mama, kwa jina langu mimi mtoto wa kwanza. "Kile kibuyu kina majivu tu. Nilitaka kutisha ngedere na watoto. Sina dawa ya kumvimbisha mtu, wala ya kumfungua. Siku ile niliona haya kusema mbele za watu. Mpeleke mtoto hospitali, leo."

Mama alimpeleka Korogwe. Daktari alikata kinyama kidogo kikapimwe, na majibu yaliporudi akamweleza kwamba ni saratani ya tezi, aina inayokaa kwenye mataya ya watoto na kukua haraka mno, na kwamba dawa zake zipo, ila angeletwa mapema ingekuwa afadhali. Wakatumwa Dar es Salaam. Walikaa huko miezi, Hamza akitundikiwa dripu. Alirudi hana nywele, taya limepinda, meno ya upande mmoja hayapo, lakini mzima. Bibi alisema Mzee Mhando hatimaye amemfungulia. Mama hakubishana naye.

Sasa Hamza anauza vipuri vya pikipiki Korogwe mjini, ana watoto wawili. Mwaka jana nilikuwa kwake, nikamsikia anawaambia, "Mnauona mdomo wa baba? Nilikula machungwa ya watu." Akawaeleza alivyopanda mti, alivyomenya kwa meno, na jinsi yalivyokuwa matamu. Hakuwa anatunga. Alikuwa anakumbuka.

Watoto walipotoka nikamwambia, "Hamza, wewe hukula. Nilikula mimi."

Alijipapasa taya. "Mama ulimwambia?"

"Hapana."

"Basi amekufa anajua mwanawe mwizi."

Sijui kama zile wiki tatu ndizo zilizompotezea meno. Mimi si daktari, na sijathubutu kumuuliza aliye daktari. Watu wakisikia habari za mazindiko hucheka ujinga wa wazee wetu. Mimi siwezi kumcheka Bibi. Yeye alisema alichokiamini, na Mama alimpiga mtoto kwa kile alichokiamini. Mimi nilijua kwamba nadanganya, nikamwacha mtoto wa miaka sita apige magoti.

Nilimwomba Hamza ruhusa niwaeleze watoto wake mimi mwenyewe. Alisema atafikiria. Hajanijibu, nami sioni kama nina haki ya kumuuliza mara ya pili.