Khanga za Madirishani

Nikifungua sanduku la khanga za mama, harufu ya udi na chumvi hunirudisha Durban, ufukweni, tulikolala ndani ya gari kando ya uwanja wa bembea, khanga zikiwa mapazia. Asubuhi msimamizi wa bembea alikuja kutufukuza. Baba akaanza kuomba radhi. Mama, chupa ya chai mkononi, alisema tu, "Karibu chai, kaka," kana kwamba gari lile ni baraza lake. Yule bwana hakujua Kiswahili, lakini kitumbua alikielewa. Baada ya cha tatu alikwenda kuijaribu bembea kubwa ya duara, kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya kufungua, na safari hii akatupakia sisi watoto. Kutoka juu nilimwona amerudi garini, mama akimmiminia tena, na baba bado anaomba radhi.