Nzi Wavivu wa Mdogo Wangu

Nilimimina nzi wa chupa moja kwenye chupa nyingine, kwa mikono yangu hii, nikijiona mganga. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika: najikasirikia mimi, na nawakasirikia waliofunga chuo.

Wanafunzi walikuwa wamegomea kuchangia gharama za masomo, wakapewa saa chache waondoke. Mdogo wangu wa kike akaja kwangu Kilema na begi la nguo na chupa mbili za nzi wadogo, wale wanaozengea ndizi za mbege, pombe yetu. Angewaacha maabara wangekufa njaa. Jikoni, akiponda ndizi ya kuwalisha, alinieleza. Chupa moja ilikuwa ya nzi wazima. Ile ya uzi mwekundu ilikuwa ya nzi walioharibika jeni moja, jeni ambayo hakuna aliyejua kazi yake.

“Ukitaka kujua kazi ya kitu, kaka, angalia kinachokwama kikiharibika. Mwaka mzima nimewafuga hawa.”

“Mwaka mzima,” nikamwambia, “na sisi huku tunawafukuza bure.”

Akacheka. Kisha akaenda Marangu wiki mbili kumuuguza shangazi, nzi akaniachia mimi, maana sitoki. Hata Moshi mjini nilikuwa nashuka kwa kusukumwa.

Siku ya tatu nikaona nzi wa uzi mwekundu wamejikalia chini. Nikigonga chupa, wenzao wanapanda juu mbio. Hawa wanasota tu. Kwetu mbege ikichelewa kuchachuka, unachota kidogo kwenye pipa lililochangamka, unaitia. Nikafanya hivyo hivyo: nzi wazima nikawamimina kwenye chupa ya uzi mwekundu. Aliporudi, nilimpokea mlangoni nikisubiri shukrani.

Aligonga chupa ya uzi mwekundu. Wengi wakapanda. Akagonga tena.

“Ulegevu wao ndio ulikuwa ushahidi wangu,” akasema taratibu. “Nilibakiza kuonyesha kwamba hata watoto wao hawapandi. Sasa mtoto wa nani ni yupi?”

“Si ungeniambia?”

“Nilikwambia uwalishe. Nilikwambia uwatibu?”

Nikapaza sauti, kwa kuwa hoja sikuwa nayo. Chuo chenyewe kimefungwa, nikasema, na jeni ni kitu gani. Mama jirani, mpika mbege, akatokeza kwenye migomba kuuliza kulikoni. Mdogo wangu akamweleza yote. Nikamgeukia yule mama anitetee, maana mambo ya mapipa alinifundisha yeye.

Akanitazama toka juu mpaka chini.

“Wewe ulipofeli fomu foo ukajikalia hapa, nani alikumiminia wenye akili? Tulikuacha. Na nzi wa watu ungewaacha.”