Injini Tuliyoizima Juu ya Mofu

Mara mbili kwa mwaka ilinipasa kuthibitisha upya kwamba naweza kuiongoza ndege ya injini mbili ikibaki na moja. Sehemu ya jaribio ilifanyika Nairobi, ndani ya simuleta: kichumba chenye viti viwili na dashibodi kamili ya ndege, kisichotoka sakafuni. Humo nilikuwa hodari. Nilikuwa pia mbishi. Nilimuuliza mkufunzi wangu, kapteni mtu mzima, kwa nini tuizime injini angani kweli wakati mashine ipo. Akasema mashine haitii woga. Sikuridhika, lakini bila saini yake nisingeruka.

Miaka hiyo ya tisini kituo chetu kilikuwa Ifakara, tukibeba wagonjwa na maofisa. Mwezi wa Mei, mpunga ukianza kuiva na maji bado yamejaa bondeni, tulipaa kufanya mazoezi. Juu ya kijiji cha Mofu kapteni akaizima injini ya kulia. Pangaboi likasimama. Nilichelewa kukanyaga pedali ya kuinyoosha ndege; ndege ikapinda pembeni na kushuka, tukapotelea nyuma ya miti ya mtoni ndipo nikaiweka sawa. Tulirudi Ifakara chinichini tukifuata mto. Kapteni akaniambia nimefeli, tutarudia kesho.

Asubuhi yake tulikuwa tunakunywa chai uwanjani walipotokea wanaume watatu na baiskeli, matope hadi kiunoni. Nikawaamkia. Mkubwa wao aliitazama kwanza ndege, kisha mimi.

"Marahaba," akasema. "Kumbe mpo."

Walikuwa wametoka Mofu. Waliona ndege ikizama nyuma ya miti na mlio ukapotea, basi kijiji kizima kikaingia majini na mitumbwi na kitanda cha kamba cha kubebea majeruhi. Walitafuta mpaka giza likawafukuza. Hawa watatu walikuja kuuliza hospitali kama maiti zetu zimepatikana. Yule mdogo wao akasema angalau tungevunjika mguu mmoja, maana kitanda alikiazima kwa mama mkwe wake na kimelowa bure. Kapteni akacheka. Mimi sikuweza.

Nikaeleza kwamba tuliizima wenyewe.

"Makusudi?" akauliza yule mkubwa.

"Ndiyo, mzee. Ili siku ikizima yenyewe nijue la kufanya."

Akafikiri. "Na sisi tutajuaje hii ni ipi?"

Nilikuwa nimehoji kila kitu kuhusu zoezi lile, na walio chini hawakuwahi kunijia kichwani. Kwenye simuleta, chini hakuna mtu.

Nikauliza habari za mashamba. Akasema, kama anayezungumzia mvua, kwamba jana yake hakubaki mtu juu ya dungu wa kuwafukuza kweleakwelea, nao wameumaliza mpunga wake wa upande wa mtoni. Kisha akaomba sukari zaidi. Nilimsogezea kopo bila kumtazama.

"Mkiona tena, msije," nikamwambia. "Bakini shambani. Ni mazoezi tu."

"Haya. Nitawaambia wenzangu."

Mchana tulirudia zoezi juu zaidi, mbali na vijiji. Nikafaulu, kapteni akasaini.

Msimu uliofuata nilikuwa nampeleka mama mjamzito hospitali. Juu ya Mofu injini ya kulia ikakohoa, ikanyamaza yenyewe. Mguu wangu ulifika kwenye pedali kabla sijawaza. Nikawa najaribu kuiwasha huku tunashuka polepole, na mpunga ukawa karibu kiasi cha kuwaona watu juu ya madungu, kombeo mikononi. Mmoja aliinua uso, akatutazama kidogo, kisha akageuka na kuendelea kuwarushia kweleakwelea mawe.

Injini ikashika. Mama aliyekuwa nyuma yangu, akichungulia dirishani, akauliza kama wale wa chini wametuona.

Nikamwambia wametuona.