Tikiti Halinyooshewi Kidole

Harufu ya tikiti likikatwa hunirudisha Spånga, kule Uswidi, kwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba yetu. Mama alipanda tikiti chini ya dirisha kuukuu lililolazwa juu ya udongo kuzuia baridi, alilopewa na jirani, bibi wa Kiswidi. Likatoka moja tu, dogo kama ngumi. Kwetu tunda changa halinyooshewi kidole, litaoza; unakunja kidole ndipo unalionyesha.

Jirani akaja, akalinyooshea kidole huku akicheka kwa furaha. Mama akamkaribisha chai.

“Mwambie, mama,” nikanong'ona.

“Na hilo dirisha nimepewa na nani?”

Wiki ile ile tikiti likaoza. Mama alisema ni baridi.

Jana dukani mwanangu alinyooshea matikiti kidole. Nikakikunja. Akauliza kwa Kiswidi, kwa nini?

“Baridi,” nikamjibu.